Massiel na Mdakaji wa Meza ya Tatu

Massiel alikuja kupanga chumba changu cha nyuma na sanduku moja, mfuko wa machungwa ya kwao Hato Mayor, na kofia ya kijani kichwani. Niliiona kofia kabla sijauona uso. Nikamwambia chumba ni chake.

"Hujaniuliza hata jina, Don Melo."

"Ningekuuliza kama ungevaa ya buluu."

Buluu ni timu ya besiboli ya mji mkuu. Hapa San Pedro sisi ni kijani, na juu ya hao wengine hatuna la kuongeza.

Alikuja kusomea udaktari, mwaka wa kwanza. Baba yake ana kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kubwa, na pancha haziishi. Alimwambia, nenda, nikuone mwaka mmoja. Ukianguka rudi ushike jeki. Massiel ameshika jeki tangu utotoni. Alikuwa ameichoka.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Ya pili wakaingizwa kwenye chumba cha maiti.

Siku hiyo alirudi mapema, uso umepauka kama unga wa muhogo.

"Vipi?"

"Nimeanguka."

"Mtihani? Mmeshaanza mitihani?"

"Nimeanguka chini, Don Melo. Sakafuni. Wamefunua shuka tu, mimi huyo. Wenzangu wamenibeba kama gunia la sukari."

"Maiti kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu! Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Akaingia ndani na harufu ikaingia naye. Ile dawa wanayohifadhia maiti, fomalini. Ilikaa kwenye pazia, ikakaa kwenye wali. Nikamwambia nguo za chuo zitalala nje kwenye kamba, na kama zikiibiwa nitampa pole mwizi.

Kila meza ilikuwa na wanafunzi watano na maiti mmoja. Ya kwao ni meza ya tatu. Juu yake mzee mwanamume, hana jina, hakuna ndugu aliyekuja kumchukua. Wenzake walikata. Massiel alisimama ukutani akiwashikia mataulo. Ikawa hivyo siku nyingi, mpaka Profesa Ogando akamwita kwa jina la ukoo mbele ya watu.

"Peguero, ukutani hakuna digrii. Mtihani wa mkono ni kabla ya likizo. Asiyemgusa maiti, simtahini. Nisiyemtahini, anarudia mwaka."

Kurudia mwaka, kwa Massiel, maana yake jeki.

Huyo Ogando ni mzaliwa wa mji mkuu. Buluu mpaka soksi. Simsemi vibaya, nasema soksi.

Jioni tulikuwa tunakaa dukani kwa Fello, kwenye domino. Fello ana duka pale kona, na ana mdomo.

"Daktari! Leo umeanguka?"

"Kidogo tu. Nimemwangukia Wilkin, wa meza yetu."

"Ulimgusa?"

"Si nimekwambia nimemwangukia?"

"Basi ni kama kwenye besiboli, umeteleza ukafika kituo cha kwanza. Uko salama, binti. Jivute tu ufike cha pili."

Wakacheka. Naye alicheka, lakini chakula hakula.

Msimu wa besiboli ukaanza. Tulisikiliza kwenye redio yangu, yeye na vitabu vyake magotini. Tulianza vibaya, tukaendelea vibaya.

Asubuhi moja alinikuta jikoni, kahawa inachemka.

"Don Melo, unaongea na nani?"

"Na mke wangu. Nampa matokeo."

Eduvigis alifariki mwezi wa nne. Mwenye timu alikuwa yeye, mimi nilimfuata tu. Picha yake iko juu ya kabati la vyombo.

"Anakujibu?"

"Hata alipokuwa hai, tukifungwa alikuwa hajibu."

Akaitazama picha, akanitazama na mimi. "Huogopi?"

"Nimwogope Eduvigis? Nimemwogopa miaka arobaini na moja. Sasa napumzika."

Sikuwa napumzika. Ila hayo humwambii mtoto wa watu anakunywa kahawa.

Haikupita wiki, akaingia mbio, viatu mkononi.

"Alikuwa mdakaji!"

"Nani?"

"Mzee wetu! Wa meza ya tatu! Leo taulo limeteleza, nikauona mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada kimepinda kwa nje. Cha kati kimevimba kwenye kiungo. Kile kidogo ndicho kimekwenda njia yake kabisa. Halafu mkono wa kushoto, safi. Umenyooka kama rula."

"Labda alibanwa na mlango."

"Mlango gani unabana kila kidole siku yake? Kaka yangu ni mdakaji, Don Melo, ana mkono kama huo. Wa kushoto unakaa ndani ya glavu. Wa kulia unakula mipira."

Sikubisha tena. Mji huu umelea wadakaji kuliko mbuzi. Kiwandani kwetu, kwenye sukari, kila zamu ilikuwa na timu yake, na mdakaji ulimjua ukimpa mkono.

"Nikamshika," akasema.

"Umemshika?"

"Nilisahau kuogopa. Nilikuwa navihesabu vidole."

Akakaa. Akaomba wali. Akala sahani mbili, na fomalini yake mwilini.

Kesho yake, kabla wenzake hawajashika visu, aliinama kwenye sikio la yule mzee akampa matokeo ya jana. Aliniambia mwenyewe. "Nimemwita babu. Nimemwambia tumefungwa tena. Nimeona si vizuri mdakaji akae hajui."

Usiku ule tukashinda.

Akamwambia. Tukashinda tena. Akamwambia tena, tukashinda tena, na hapo jambo likatoka mikononi mwake. Kwetu jambo ulilolifanya siku ya ushindi unalirudia mpaka siku ya kufungwa. Aliyekaa kwenye kreti anabaki kwenye kreti, hata mvua imnyeshee. Fello hakunyoa. Mimi shati nililovaa silitaji. Wilkin, yule kijana aliyeangukiwa, alikuwa anasimama mlangoni mwa chumba cha maiti, hapiti mtu mpaka mzee aambiwe.

Dukani ikawa kila jioni kama polisi.

"Daktari, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Sikio lipi?"

"La kulia."

"Usihame!" anasema Fello. "Ukihamia la kushoto nakufungia duka."

Massiel naye sasa alikuwa anafanya kazi. Aliufungua mkono ule kano kwa kano. Usiku anasoma, mchana anakata. Akimenya ndizi anataja majina. Akila kuku anataja majina, analivuta paja huku na huku.

"Hii ndiyo inayokunja, Don Melo."

"Hiyo ndiyo inayoliwa. Mwache marehemu apumzike."

Tukafika fainali. Na nani? Na buluu, na nani mwingine. Tukachukua, wakachukua, tukachukua, wakachukua. Ukabaki mchezo wa jioni moja tu wa kumaliza mambo, na jioni hiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mkono. Ule uliotangulia, wa usiku wa kuamkia mtihani, ndio tuliofungwa. Tulifungwa vibaya. Mrushaji wetu alitupa mipira kama mtu anayemwagia kuku mahindi, na buluu wakadonoa.

Asubuhi Massiel alipita dukani na koti lake jeupe. Kikao kilikuwa kimeshakaa.

"Usimwambie," akasema Fello. "Mwambie mvua ilinyesha, mchezo umeahirishwa."

"Mwambie tumeshinda," akasema mwingine. "Atajulia wapi?"

"Na mimi nitasema saa ngapi?" Massiel macho yamemtoka. "Profesa ametangaza, atakayefungua mdomo kabla hajaulizwa anatoka nje. Nikitoka nje nimekwisha. Baba ameshanipakia jeki mafuta."

"Nong'ona."

"Chumba kile hata nzi akinong'ona anasikika!"

"Basi kaa kimya, tufungwe na leo," akasema Fello, "na mtaa mzima ujue ni nani."

Wakanigeukia mimi, kana kwamba maiti wote ni wa kwangu.

"Don Melo," akauliza Massiel, "wewe leo umemwambiaje Doña Eduvigis?"

"Nimemwambia tumefungwa."

"Ngapi?"

"Zote."

Akaweka koti sawa, akaenda.

Yaliyofuata nimeyasikia kwake na kwa Wilkin. Yanalingana, isipokuwa kila mmoja anasema aliyetetemeka ni mwenzake.

Profesa Ogando alisimama kwenye meza ya tatu, mikono nyuma, tai ya buluu. Chumba kimya. Massiel akaangalia mlango. Akaangalia vile vidole. Akainama kwenye sikio la kulia.

"Babu, jana wametufunga. Nne kwa tatu. Kidogo tu. Leo tunamaliza."

"Peguero."

"Naam, Profesa."

"Umesema nini?"

Wilkin anasema hapo alikuwa ameshaanza kumuaga kimoyomoyo.

"Nimempa matokeo, Profesa."

"Matokeo gani?"

"Ya jana."

"Ngapi?"

"Nne kwa tatu."

"Ilikuwa tisa kwa tatu." Sauti ya profesa ilikuwa imekauka, inakwaruza. "Nilikuwa uwanjani. Unadhani sauti hii nimeipata wapi?"

"Nilimpunguzia, Profesa. Ni mtu mzima."

Kuna aliyecheka meza ya tano. Profesa akageuka, kicheko kikafa.

"Mtu huyu," akasema, "ametupa mkono wake tuusome. Hajatuficha hata kano moja. Halafu wewe unamficha mikimbio mitano? Katika chumba hiki hadanganywi mtu. Mwambie upya. Simama, mwambie kama anavyoambiwa mtu."

Massiel akasimama wima. "Babu, ilikuwa tisa kwa tatu. Tumeaibika."

"Vizuri. Sasa mkono huohuo. Hii ni nini?"

"Neva ya kati."

"Inakwenda wapi?"

Akaifuata kutoka kiwikoni, ikapita kifundo, ikaingia kiganjani, ikajigawa. Profesa akauliza kidole cha pete. Massiel akasema neva hiyo inachukua nusu tu, nusu ya pili ni ya jirani yake. Akauliza misuli. Mmoja mdogo wa dole gumba aliuita kwa jina la mwenzake. Profesa akaandika. Akauliza tena, akaandika tena. Mwisho akagusa kidole kilichopinda kwa nje.

"Na hiki?"

"Mpira, Profesa. Alikuwa mdakaji."

"Najua. Usidhani buluu hatuna wadakaji." Akafunga kalamu. "Umepita. Ukajifunze dole gumba."

Massiel hakuondoka. Watu wa aina hiyo, ukiwapa mlango wanauliza dirisha.

"Profesa, kuanzia kesho chumba kinafungwa kwa likizo. Ya leo usiku nani atamwambia?"

"Ufunguo ninao mimi. Tukishawafunga nitakuja kumwambia mwenyewe, tena kwa furaha. Sikio la kulia, siyo?"

"La kulia."

Aliponiambia kwamba amepita, harudii mwaka, nikakaanga salami na mayai. Fello alikuja na mtaa nyuma yake. Wakamnyanyua juu kama aliyepiga mpira ukavuka ukuta. Walipomweka chini Fello akasikia habari ya ufunguo, akashika kichwa. "Mtu wa buluu ndiye atamwambia mzee wetu? Mtu wa buluu?"

Jioni nikawasha redio. Massiel alikaa karibu nayo, miguu juu, akasema leo hata asipopumua atasikiliza mpaka mwisho. Kabla mrushaji hajarusha mpira wa kwanza alikuwa amelala, mdomo wazi. Nilipunguza sauti. Mchezo ulikwenda mpaka zamu ya mwisho, ukaisha, mji ukapiga masufuria, honi zikalia, Fello akapita anaimba, amenyoa nusu ya ndevu. Binti hakugeuka hata upande. Nikamfunika.

Aliamka jua limetoka.

"Don Melo! Imekwishaje?"

"Kunywa kahawa kwanza."

"Don Melo!"

"Ina sukari."

"Don Melo, nakuomba, mwanaume wewe!"

"Tatu kwa mbili," nikasema. "Kijani."

Alipiga yowe mpaka jirani akafungua dirisha. Kisha macho yakamng'aa.

"Ufunguo anao yeye," akasema. "Lazima aende akamwambie. Aliahidi mbele ya watu."

"Leo likizo. Chuo kimefungwa."

"Nitamsubiri mlangoni. Hiyo sura yake siikosi."

Akatoka mbio, kahawa haijaguswa. Nikamwita arudi avae viatu. Alikuwa ameshakata kona.