Mapazia ya Lugari Nilishona Mwenyewe

Admin, niwekee hii lakini jina langu libaki kwako. Kakamega ni ndogo, na baadhi ya wateja wangu wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, na ndoa yangu ina miaka kumi na moja. Kazi yangu ni kushona mapazia hapa mjini. Naingia nyumba za watu, napima madirisha, nawaambia rangi gani inaenda na kochi gani. Kwa hivyo siwezi kusema sikuwa na macho. Nilikuwa nayo, nikayafumba.

Mume wangu anafanya kazi Lugari, mambo ya mahindi. Anaenda Jumatatu, anarudi Ijumaa. Siku zote ameniambia huko anaishi chumba kimoja, jiko la gesi kando ya kitanda, na kwamba hata nikikiona sitakipenda. Akinipigia video huwa amesimama nje kwa lango, eti ndani netiwaki haishiki. Nikamhurumia. Huyu ni mtu ambaye ukimtuma pazia anakuletea shuka.

Mwaka jana akaniletea kitambaa cha kijani kizito, akaniomba nimshonee mapazia ya ofisi. Vipimo alikuwa ameandika kwa karatasi, dirisha kubwa moja na dogo moja. Akataka pia yale mapazia mepesi ya ndani, ambayo sisi huita shia. Nilicheka, nikamuuliza, "Baba watoto, ofisi gani inavaa shia?" Akasema mkubwa wake anapenda vitu smati. Nikashona, nikapiga pasi, nikamkunjia vizuri kwa mfuko.

Mwaka huu tukamaliza nyumba yetu wenyewe, upande wa Shirere. Sebule hiyo nilikuwa nimeiota miaka yote ya kuishi nyumba za kupanga. Ukuta rangi ya machungwa yaliyoiva, picha ya harusi katikati, na juu ya makochi vile vitambaa vyeupe alivyonifumia mama yangu kwa mkono. Kwetu kochi bila kitambaa ni kochi uchi.

Basi bwana akaamka na maoni! "Ukuta upake kijivu," akasema. "Pazia ile kijani kizito. Saa moja nyeusi ya duara, basi. Picha weka korido. Na hizo vitambaa peleka bedroom, siku hizi hiyo ni ushamba." Nilibishana naye kama ninavyobishana na mteja msumbufu, nikashindwa. Kitu kimoja tu nilikataa, vitambaa vya mama. Hivyo vilibaki.

Fundi wa rangi alimleta yeye kutoka Lugari, kana kwamba Kakamega mafundi wameisha. Siku ya pili nikampelekea chai na viazi vitamu, nikamsifu kwa mkono safi. Akasema, "Asante mama. Hii rangi mzee anaipendanga sana. Hata ile sitingirumu ya kule nilipaka hii hii, akasema zifanane kabisa."

Nikamuuliza, "Sebule ya nani?"

Akainamia mkebe, akaanza kukoroga rangi ambayo ilikuwa imekorogwa tayari. Akasema pengine amenichanganya na mteja mwingine. Chai yake hakuimaliza. Jioni nilipomuuliza mume wangu, akajibu bila kuinua macho, "Huyo anaongeanga sana. Alipaka ofisi." Ofisi tena.

Tangu hapo nimekuwa macho. Kila Jumamosi mchana anawatuma watoto wakacheze nje, anaketi kwenye kiti kile kile cha pembeni chini ya saa, anavaa visikilizi vya masikio na kuinua simu mbele ya uso. Kabla ya kuketi, anaondoa kitambaa cha mama, anakikunja, anakisukuma chini ya mto. Akimaliza anakirudisha na kukinyoosha. Jamani, ushamba unanyooshwa hivyo?

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni nakata mboga. Nikamsikia akisema polepole, "Niko tu kwa nyumba, nimetulia. Wewe umekula?" Kisha akacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu aliponitongoza.

Nikaweka kisu chini. Kuna mtu anayeijua sebule ya Lugari, lakini wikendi hayuko huko. Akiona ukuta wa kijivu, pazia la kijani na ile saa nyeusi, anaamini mume wangu yuko huko peke yake. Nyumba yangu imepambwa ili ifanane na nyingine. Na mapazia ya hiyo nyingine nilishona mimi, kwa cherehani yangu, huku nikiimba.

Dada yangu ananiambia nisikimbilie mabaya, pengine ni mkubwa wake anataka kumwona yuko kituo cha kazi hata wikendi. Nimejaribu kuamini. Lakini ni mkubwa gani anaulizwa kama amekula?

Ushahidi sina. Kwenda Lugari naogopa, maana vipimo vya yale madirisha bado viko kwa daftari langu, na mapazia yangu nitayatambua hata nikiwa barabarani. Bado nampenda, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Leo ni Jumatano. Nimenunua mkebe wa rangi ya machungwa, nimeuficha chini ya meza ya cherehani. Kesho naweza kuupaka ule ukuta nyuma ya kiti chake, ukauke kabla hajarudi. Kama hana la kuficha, atanung'unika kidogo, aketi, apige simu yake. Kama analo, Jumamosi nitamwona akitoka nje kwenda kuongea na huyo mtu akiwa amesimama kwa lango, vile anavyoongea na mimi.

Wenzangu, nishaurini leo leo. Nipake, au niuache kijivu?