Nyasi Juu ya Kitalu

Juzi binti yangu, anayesoma ughaibuni, alinitumia video. Amechuchumaa kwenye theluji ya kufika magotini, anaifukua kwa mikono, na chini kabisa yanatokea majani mabichi yasiyo na hata doa. "Mama, umeona? Theluji inayafunika, hayafi!" Nikamjibu kwa kidole gumba tu. Rafiki yangu, jambo hilo nalijua tangu nina miaka kumi, huko bondeni Mbozi, na sipendi kulikumbuka.

Theluji hatukuwa nayo. Tulikuwa na sakitu, ule umande unaoganda alfajiri za mwezi wa sita na wa saba, bonde lote likaamka jeupe. Bibi yangu alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa kando ya kijito, na kila jioni tuliifunika kwa nyasi kavu zilizolazwa juu ya fito. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, zinavunjika ukizishika. Lakini nikipenyeza mkono chini yake nilikuta vuguvugu, kama chini ya kuku anayeatamia. Bibi alinieleza huku akicheka, "Mke mwenzangu, baridi haiingii. Joto la udongo ndilo linalotoka. Sisi tunalifungia mlango tu."

Na mimi nilikuwa nimefungiwa vilevile. Mama alikuwa akiuza vitenge Tunduma, akaniacha kwa bibi nimsaidie. Kila nilipouliza nitakwenda lini, jibu lilikuwa lilelile: "Miche ikihama kitaluni, na wewe utahama." Watoto wa jirani walikwenda huko likizo na kurudi na habari za malori yasiyo na mwisho, na jinsi walivyovuka mpaka hadi Nakonde kwa miguu. Mimi maji asubuhi, maji jioni, nyasi kufunua, nyasi kufunika, magimbi ya kuchemsha, moshi wa jikoni, na vilima pande zote kama ukuta. Niliichukia ile miche, jamani. Niliimwagilia huku naitukana kimoyomoyo.

Jioni moja anga ilikuwa safi, na bibi akasema sakitu ya kesho si ya mchezo. Tulifunika. Yeye akatangulia nyumbani na kuni zake. Mimi nikarudi nyuma, eti nimesahau ndoo, nikaziviringisha nyasi zote pembeni. Kulipopambazuka niliwahi kuteka maji kabla bibi hajatoka, nikazirudisha kama zilivyokuwa.

Jua lilipopanda tukaenda kufunua. Miche ilikuwa imelala, majani yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nilingoja kofi, nililitaka kabisa. Bibi akazishika nyasi, akaupima unene wake kwa vidole, kisha akaitazama mikono yake.

"Nilizilaza nyembamba," alisema. "Mikono hii imezeeka, mjukuu wangu. Nenda kwa mama yako. Hapa hakuna kazi tena."

Wiki iliyofuata nilikuwa Tunduma. Malori niliyaona mpaka yakanichosha, na kelele zake hazikuniruhusu kusahau. Bibi hakuotesha tena. Majirani waliozoea kupanda miche yake walimbembeleza, akawajibu kwamba asije akawaharibia na wao. Kila likizo nilikwenda kwake na neno langu mdomoni, nikanywa uji wake wa ulezi, nikarudi nalo.

Siku hizi ukipita pale huoni fito wala nyasi. Kijito kimekonda, kitalu ni shamba la mahindi la mtu nisiyemjua, na wenyeji wanasema sakitu yenyewe haishuki kama zamani. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini bibi aliishi miaka kumi na miwili baada ya asubuhi ile akiamini mikono yake ndiyo iliyokosea, na mimi, niliyekuwa nimeketi kando ya kitanda chake siku zile za mwisho, nikamwacha aondoke akiamini hivyo.