Walipokuja Kumposa Mke Wangu

Mimi ni fundi cherehani wa Birere, na nimewahi kukata uso wa mke wangu kwa mkasi. Ulikuwa umechapwa kwenye vitenge, mara ya kwanza alipogombea ubunge wa jimbo. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu nisiyemjua, ndiye aliyevilipia, na wafuasi wakaniletea mimi nivishone, maana wapi tena wangepata bei ya shemeji? Akaja mchinja nyama mwenye tumbo la kutangulia, akasimama mbele yangu ameinua mikono.

"Fundi, mama umuweke hapa mbele, katikati."

Nikampima. Nikamweka mke wangu juu ya kitovu cha mwanamume mwingine, nikapiga pasi. Vifungo sikuvikaza, na sijutii.

Habari zenyewe za kugombea nilizisikia redioni nikiwa kazini, pamoja na mji mzima. Mimi sikuoa mwanasiasa. Nilioa binti wa Rutshuru aliyecheka kwa haya akiziba mdomo. Kisha robine ya maji ya mtaa wetu wa Mapendo ikakauka, akaenda Himbi kupiga kelele maofisini mpaka maji yakarudi, na watu wakamwonja. Walioonja hawakuacha. Wakamfanya mwenyekiti wa maji. Redio ya mtaa ikampa kipindi cha asubuhi, saa ile ambayo zamani alikuwa akininywesha chai. Akafundisha akina mama kusoma, akasuluhisha wauza samaki na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na volkano ilipotoka akawapikia watu asiowajua hata kwa majina, huku mimi nikitafuta chumvi ndani ya nyumba yangu bila kuiona. Walimwita mama wa wote. Haya, mama wa wote. Na mke wa nani?

Alianguka kwenye uchaguzi ule wa ubunge. Ua wetu ukajaa watu wanaolia hata nikakosa pa kuketi. Mimi nilifurahi, nasema wazi. Nilidhani sasa atarudi kwangu. Kumbe mtu aliyeshindwa huitwa zaidi ya aliyeshinda, kwa sababu yeye hana ofisi ya kujifichia. Walianza kubisha hodi kabla sijavaa suruali.

Uchaguzi wa madiwani wa commune ulipokaribia, alitaka kugombea tena, na safari hii ujumbe ukaja kwangu. Walikuwa wanaume wa mtaa, wamevaa makoti, wamebeba kreti ya bia na kuvuta mbuzi. Wakaketi upande mmoja wa sebule, wamebanana, kama familia ya bwana harusi. Kwetu binti huombwa hivyo, na msemaji huanzia mbali. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa lori. Akakohoa, akasimama.

"Muzee, tulikuwa tunapita njia, tukaona ua moja muzuri linachanuka ndani ya ukuta wa lupango yako. Tunakuya kuliomba."

"Ua hilo lilisha kuombwa," nikasema. "Na ng'ombe zilitoka."

"Tunajua, papa. Njo maana tunakuya na heshima. Ile mara ya kwanza tulimubeba bila kukuuliza. Tulikosa."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, macho chini, kama msichana anayeposwa kweli. "Hapana" ilikuwa mdomoni mwangu, nimeitunza miaka. Lakini anayeombwa kwa heshima hasemi hapana, hutaja mahari.

"Dimanche," nikasema. "Jumapili yote, kutoka misa mpaka kulala, njo mahari yangu. Mutu asipige hodi."

Wakapiga makofi, wakafungua bia.

Kura alizikosa tena. Ninalisema haraka kwa kuwa si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni Jumapili ya kwanza. Mtaa ulitimiza ahadi, hakuna aliyebisha. Tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki uani, tukamaliza. Nilimwona anasikiliza barabara. Watu walipita nje ya ukuta wetu wa mawe wakinong'ona kwa adabu, na kila mnong'ono ulimgeuza shingo. Nilikuwa nimelipwa kiti chenye mtu asiyekuwepo.

Mwishowe alikigeuza kiti kile, akanikabili. Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa kidogo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa wajane na kwa wauza makaa.

"Papa," akasema, "mambo yako iko namna gani? Uniambie. Niko nasikiya."

Nikafungua mdomo nimkemee asinifanye mpiga kura. Badala yake nikajikuta namweleza habari za macho yangu: kwamba siku hizi sioni tundu la sindano, kwamba fundi jirani ndiye anayenitungia uzi, kwamba naogopa. Sikuwa nimemwambia mtu. Hakunikatiza, hakunipa shauri. Watu waliendelea kupita nje, na shingo yake haikugeuka tena. Jua lilituacha palepale, mkono wangu bado uko mikononi mwake.

Miaka yote nilikuwa nikiwaonea watu wale wivu bila kujua wanapewa nini. Asubuhi ya Jumatatu mtu wa kwanza alipoita mlangoni, na mke wangu akaanza kutafuta viatu vyake, nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote, kwa sababu sasa nilikuwa najua.