Herini za Sikukuu na Vyuma vya Meno

Koleo ndogo ndiyo iliyonirudisha utotoni. Daktari wa meno aliitoa kwenye sahani ya chuma, akaijaribu hewani, ikalia "kwach" kidogo tu. Binti yangu alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu, kinywa wazi, hana habari. Mimi niliyekaa pembeni na mkoba mapajani ndiye niliyeshika sikio. La kushoto, pale chini penye mpasuko ambao mtandio huuficha, na ambao hata wewe ninayekusimulia, pamoja na kujuana kwetu, nadhani hujawahi kuuona.

"Meno yamepandana, lakini si kitu cha kutisha," daktari alisema. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa maneno. "Tutamwekea vyuma, vitayavuta taratibu mpaka yakae sawa."

"Vyuma gani?" niliuliza.

"Chuma cha kawaida, mama, kisichoshika kutu. Kina nikeli ndani yake, lakini watoto wengi kinawakubali."

Watoto wengi. Mwenye hofu ukimwambia wengi, yeye husikia wale wachache waliobaki. Nikasema nitafikiri, nikamshika mkono binti yangu tukatoka, na nje tu akaanza kulia. Hakulia kwa kuogopa. Alilia kwa kuwa alijua kufikiri kwangu kunavyochukua muda. Huyu ni mtoto anayecheka ndani ya kiganja. Shuleni walimpa jina la utani kwa ajili ya meno yale, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia hupanda kinywani kabla kicheko hakijafika. Picha zote za nyumbani kafunga midomo, utasema amekatazwa kusema.

Basi nifanye nini? Nilitaka acheke. Na nilikuwa naogopa chuma. Ili ujue woga huo umetoka wapi, inabidi turudi Mji Mkongwe, kwenye nyumba aliyonilelea bibi yangu.

Tulikaa ghorofa ya pili, na kuta zilikuwa zinapukutisha chokaa kila ukizigusa kwa bega. Asubuhi niliamka kwa sauti ya bibi akikuna nazi, krr krr krr, halafu harufu ya ubani, halafu sauti ya muuza mikate kichochoroni. Kazi yangu ilikuwa kuteremsha kikapu kwa kamba dirishani, yeye atie mikate, mimi nikivute juu polepole kisigonge ukuta. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuchagua mchele kwenye ungo, na hiyo siikumbuki kwa mapenzi. Chini kabisa, mkabala na mlango wetu, sonara alikuwa akigonga dhahabu yake tangu asubuhi, tik tik tik, mpaka adhana ya adhuhuri imnyamazishe.

Masikio yangu aliyatoga bibi mwenyewe, kwa sindano na uzi wa pamba uliolowa mafuta ya nazi na manjano. Vidonda vilipokauka akautoa uzi, akatia vijiti vya chelewa alivyovikata kutoka kwenye ufagio mpya, ili matundu yasizibe. Kila asubuhi alivizungusha kwa mafuta ya uvuguvugu. Sharti lake lilikuwa moja: sikio la mtoto wa kike chuma chake cha kwanza kiwe dhahabu, na dhahabu yangu ningeivaa siku nitakayokhitimu Kurani chuoni. Mpaka hapo, chelewa.

Lakini Sikukuu ikakaribia, na wenzangu wote wa chuoni walikuwa na herini zinazong'ara. Nililia. Nililia wakati wa futari, nililia nikichagua mchele, nikalia hata kikapu kikanidondoka na mikate ndani yake. Bibi akachoka.

"Mtoto akililia wembe mpe," alisema. Akajifunga buibui lake, akaenda sokoni Darajani, akarudi na jozi ya herini za rangi ya dhahabu, zenye vito vyekundu. Nilizipenda mpaka nikalala nimekaa, nisiziumize.

Siku ya Sikukuu nilishuka ngazi na gauni jipya na wanja, naenda zangu Mnazi Mmoja kula ubuyu na kupanda pembea. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, alinisimamisha mlangoni kwake. "Alaa! Mtoto kapendeza huyu! Utasema bibi harusi!" Bibi, aliyekuwa nyuma yangu, alingoja neno moja lifuate, nalo ni mashaallah, la kuzuia jicho. Halikufuata. Jirani alikuwa na sufuria jikoni inaungua, akakimbilia ndani.

Usiku wa pili masikio yakaanza kuwasha. Kisha yakatoa maji. Kisha yakavimba, mekundu, hata herini zikawa zinazama ndani ya nyama. Bibi hakuwa na shaka hata kidogo. Ni jicho.

Hapo ndipo nilipojifunza kuogopa, na nilijifunza barabara. Aliniinamisha juu ya chetezo, akazungusha chumvi na pilipili kavu kichwani pangu, akatupa makaani, na moshi ule ukanichoma koo. Alinisomea, akanipulizia. Akanikataza kumwamkia jirani, nami nikawa nashuka ngazi nimebana pumzi, nikifika mlango wake natimua mbio, kama kwamba nyuma ya ule mlango kuna kitu kinaningoja. Jirani masikini, asiyejua lolote, alituletea sahani ya mkate wa kumimina. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukitia ndizi mbili. Bibi aliirudisha tupu, imeoshwa na kukaushwa. Nilivyoona vile nikajua mambo ni makubwa.

Na herini zikabaki mle mle. "Tukizitoa tundu litaziba," alisema, na kila asubuhi akawa anazizungusha kwa mafuta, kama alivyovizungusha vijiti vya chelewa. Nilimwomba asizungushe. Alinibusu utosini, akazungusha. Alikuwa akinipenda kuliko roho yake, na kwa mikono ile ile ya mapenzi alikuwa akikisukuma chuma kile kizidi kunila.

Homa ilipopanda, bibi aliivua pete yake ya dhahabu, ile aliyoolewa nayo, akanibeba mpaka kwa sonara. Alitaka pete iyeyushwe, zitengenezwe herini ndogo za kunikinga. Sonara hakuigusa pete. Aligusa sikio langu kwa kitambaa cheupe, kisha akatuonyesha kitambaa. Palikuwa na usaha, na ndani ya usaha palikuwa na kijani.

"Bi, hili si jicho," alisema. "Hii ni shaba na takataka nyengine, imepakwa rangi tu. Wako watu miili yao haipatani na chuma. Lazima zitoke, na zitoke sasa hivi."

Bibi alikaa kwenye kigoda, akanibana kichwa baina ya magoti yake. Niliuona moto wa samawati wa sonara, nikaona koleo yake ndogo, nikaisikia ikijaribiwa hewani. Kwach. Nikadhani atanikata sikio zima. Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa koleo. Magoti ya bibi yalikuwa yanatetemeka. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba mtu mzima naye huogopa, na kama bibi anaogopa, basi mimi nani wa kunishika?

"Bibi, mbona unatetemeka?"

"Baridi, mwanangu," alinijibu.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, wakati wa joto, na jasho lake lilikuwa linanidondokea shingoni. Sikio la kulia lilitoka salama, la kushoto likapasuka. Maumivu yenyewe siyakumbuki. Jioni ile bibi alishuka ngazi na sahani imejaa vitumbua, akakaa kwa jirani mpaka isha, na mimi juu dirishani nikawa nasikia wanalia, kisha wanacheka, kisha wanalia tena. Dhahabu sikuvaa hata nilipokhitimu. Sijavaa kitu sikioni mpaka leo.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba ile takataka aliyoitaja sonara aghlabu huwa ni nikeli. Sasa unaelewa kwa nini neno "nikeli" lilinikausha mate. Mume wangu alisema namrithisha mtoto woga. Pengine kweli. Lakini koleo ya sonara ilifika kwenye sikio. Ndani ya kinywa cha mtoto, vyuma vimegandishwa jino kwa jino, nikiamka usiku nikamkuta kavimba ulimi, nitamkimbilia nani? Usiku nilisimama kando ya kitanda chake, hapa kwetu Kiembe Samaki, nikimsikiliza anavyovuta pumzi, na vyuma vyenyewe bado havijawekwa.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Nikauvuta mtandio, nikamwonyesha sikio, nikamweleza yote, hata moshi. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Aliniuliza, "Binti yako saa ya mkononi haimuwashi? Kifungo cha suruali, hapa tumboni?"

Kifungo cha suruali. Alikuwa na vipele pale chini ya kitovu, na mimi muda wote nikimpaka poda, nikisema ni vipele vya joto. Bibi aliona jicho, mimi nikaona joto.

Akatupeleka kwa daktari wa ngozi, binti yangu akabandikwa mgongoni vijidawa vya kupimia kinachomuwasha, na tuliporudi kubanduliwa palikuwa na doa moja jekundu kama limechomwa. Hapakuwa na haja ya kuambiwa ni la kitu gani. Daktari wa meno alinieleza kwa upole kwamba kinywa si ngozi, na wengi wanaowashwa na herini hukaa na vyuma mdomoni bila ya taabu. "Ila na mimi sipendi kubahatisha," alisema. Akanionyesha vifuniko vya plastiki isiyo na rangi, vya kuvaa na kuvua, lakini mtoto lazima avivae takriban siku nzima, na binti yangu husahau hata viatu. Akanionyesha vijiwe vya kauri vya kugandishwa kwenye meno, vyeupe, havionekani sana. Nikashusha pumzi. Kisha akaniambia kwamba hata kauri hupitishwa waya, na waya ni chuma. Nikaipandisha tena. Upo waya wa titani usio na nikeli, akasema, utabidi uagizwe, tungoje. Tukaafikiana kauri na waya huo, na akaniapia kwamba mtoto akilalamika hata kwa mwasho mdogo, atavitoa vyote siku hiyo hiyo.

Tulipokuwa tunangoja, nilimpeleka binti yangu kuona kichochoro chetu. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nyumba sasa ni hoteli, chokaa haipukutiki tena, na dirisha la kikapu limewekewa kioo. Kwa sonara wanawauzia wageni viungo vya chakula kwenye vifuko vidogo. Hapagongwi kitu. Nilimsimulia pale pale, tumesimama tunapisha vespa, habari ya herini, ya sahani tupu, ya magoti ya bibi na ile baridi yake ya kaskazi. Nilimwambia kwamba watu wote wale wameshatangulia mbele ya haki, bibi, jirani na sonara, na kwamba siku hizi juu na chini ya nyumba yetu wanakaa watu ambao sahani zao sizijui rangi. Zamani tuliogopa pamoja, ngazi nzima, hata tulipokosea cha kuogopa. Sasa kila mtu anaogopa ndani kwake, kafunga mlango. Binti yangu aliniuliza kama bibi aliniomba radhi kwa lile sikio. Nikamwambia hapana, lakini mpaka anakufa, kila akinisuka nywele, aliziteremsha upande wa kushoto, akalifunika.

Siku yenyewe ilipofika, kiyoyozi cha daktari kilikuwa kinavuma. Binti yangu alipanda kitini, akanipa mkono wake wa kulia nimshikilie. Daktari alifunua kitambaa cha kijani. Vijiwe vya kauri vilikuwa vimepangwa safu, vidogo, vyeupe, na pembeni waya wenyewe umejikunja. Kisha akaichukua koleo. Kwach.

Nikasoma kimya kimya kila nilichofundishwa chuoni. Bado ningeweza kusema hapana. Bado ningeweza kumshusha kitini, tukarudi nyumbani, akaendelea kucheka kiganjani maisha yake yote, salama.

"Mama," binti yangu aliniita, jicho lake linanitazama kwa upande. "Mbona unatetemeka?"

"Baridi, mwanangu," nilimjibu.

Akanikodolea macho kidogo. Halafu akakumbuka, na kicheko kikamtoka kikubwa, cha tumboni, hata daktari akarudisha mkono nyuma. Nikahisi mkono wake wa kulia unafurukuta kutaka kupanda kinywani. Ulikuwa ndani ya wangu, na sikuuachia.