Domi wa Kawajense na Yule Mama wa Kameruni

Jamani, mpaka sasa hivi moyo wangu umekataa. Jumanne asubuhi Domitila alifungua saluni yake pale Kawajense, akalalamika kichwa kinamuuma, akakaa kwenye kiti cha wateja, hakuinuka tena. Presha. Jana tumemzika kwao Katumba.

Wengi wenu mlimjua kwa misuko. Mimi namlilia msomaji mkubwa kuliko wote niliowahi kukaa nao, na mimi ni mwalimu wa fasihi sekondari, nimekaa na wengi.

Baba yake alitoka Burundi na aliwafundisha wanawe Kifaransa kwa fimbo. Domi alisema viboko vile vilianza kumlipa siku sista mmoja mzee alipohama, akamwachia katoni zima la vitabu. Karibu vyote vya waandishi wa Kameruni.

Kabla yake, Kameruni kwangu ilikuwa mpira tu! Yeye ndiye aliyeniambia kule kuna wanaoandika kwa Kifaransa na wanaoandika kwa Kiingereza, na wote wanajua kukuchekesha huku wamekukanyaga kidole. Alikuwa anacheka peke yake akisoma habari za machifu wao, mapadri wao, mawifi wao. "Bahati, hawa watu wamewahi kuishi Katumba, nakwambia!"

Kama hujawahi kufika pale saluni Jumamosi, pole yako. Mikono ya Domi iko kwenye nywele, kwa hiyo mteja anayesubiri zamu anakaa mbele yake na kumshikia kitabu wazi, juu kidogo ya kichwa cha anayesukwa. Macho yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili, vidole vinasuka. Akisema "geuza," unageuza ukurasa. Ukisinzia unaonja kitana.

Mwaka huu tulikuwa na riwaya ya mjane wa kijiji cha msituni. Mashemeji wamemnyang'anya shamba la kakao, naye anafunga safari kwenda mjini kudai haki yake. Wanawake walikuja hata nywele zikiwa bado mpya. Mmoja alipiga kelele, "Mwambie asilale kwa yule binamu!" Domi akamjibu, "Ngoja nimpigie."

Kati yao alikuwepo Mama Nkwabi, Msukuma, ambaye Domi alimwita Mayu, yaani mama kwa lugha yao. Mumewe alifariki mwaka jana na shemeji zake wakachukua shamba la mpunga kule Kibaoni. Akaja kuishi kwa dada yake hapa mjini. Alikuwa ameshasema basi, wachukue tu. Wiki baada ya wiki alikaa akisikiliza tu, mpaka siku moja akasema, "Nimefungua kesi." Saluni nzima ilipiga vigelegele.

Sasa Jumamosi moja zamu ya kushika kitabu ikawa ya Mayu, na akakishika juu chini. Domi anasoma tu, hata hakwami! Nilipotaka kusema, alinikata jicho.

Jioni tukiwa tunafagia nywele, nikamuuliza.

"Yule mama wa kitabuni kafa, Bahati," akasema. "Kafa njiani kwa homa, mji wenyewe hajauona. Zilizobaki ni kurasa za mashemeji wanagombana. Sasa nimwambie nini Mayu?"

Nilikasirika kweli. "Domi, hiyo ni kazi ya mtu! Amekaa akafikiri, akaamua mwanamke afe. Wewe nani umfufue?"

Hakuacha kufagia. "Mimi nampenda huyo mwandishi kuliko wewe. Alimuua ili mashemeji waone aibu, na kafanya vizuri, nimelia mpaka macho yakavimba. Ila mashemeji wa Mayu hawaji saluni. Anayekuja ni Mayu."

Jibu la hilo kwenye silabasi halimo.

Basi akaendelea na yule mjane akiwa hai. Akampandisha lori, akamkwamisha kwenye tope, na barabara za Kameruni zikaanza kufanana sana na za kwenda Mwese wakati wa masika. Jumamosi iliyopita alimwacha amesimama nje ya mahakama, kesi haijaitwa.

Jana tulipotoka makaburini Mayu alinishika mkono. Jumatatu kesi yake inasikilizwa kwa mara ya kwanza kule Kibaoni, na mashemeji wameshamtumia watu wamwambie aache.

"Mwalimu, wewe vitabu unavisoma. Yule mama aliingia mule ndani, au alirudi kwao?"

Kitabu nilikuwa nacho kwenye mkoba, ndugu zake Domi walikuwa wamenipa. Kifaransa sijui hata salamu, lakini mwisho wake naujua. Miaka yote nawaambia wanafunzi usiweke maneno mdomoni mwa mwandishi, na nikikukuta umeweka nakukata maksi.

"Aliingia, mama," nikasema. "Akasema yote."

"Na shamba?"

"Walimrudishia."

Akakaza kitenge kiunoni. "Haya. Jumatatu naenda."

Mayu hayupo kwenye mitandao hii. Mnaomfahamu, nyie nawajua midomo yenu, naomba muifunge mpaka Jumatatu ipite. Na mwandishi, popote alipo, anisamehe. Nitatafuta mtu anitafsirie riwaya yake neno kwa neno, na kile kifo kikiwemo, na darasani nitaisoma hivyo hivyo alivyoiandika.

Domi, nina hasira na wewe kwa kuondoka bila hata kuniaga, na nakupenda sana. Nimeshaomba ruhusa kazini. Jumatatu alfajiri tunapanda gari la Kibaoni, mimi na Mayu.

Wewe lala, rafiki yangu, ulale salama. Hataingia mule ndani peke yake.