Aliyefika Chwaka Kabla ya Ndege Kutua

Hili limenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Nilikuwa Pemba harusini. Asubuhi nikapigiwa simu kutoka Chwaka, Unguja: dada yangu Bi Mize, tuliyenyonya naye ziwa moja, hali yake mbaya na ananitaka. Boti ilikuwa imeshaondoka. Wanangu wakanikatia tiketi ya ndege, zile ndogo zinazotetemeka kama cherehani. Mimi kusoma kwangu kuliishia chuo cha Kurani, juzuu mbili tu, na ndege nilikuwa sijaipanda. Wakaniambia Pemba na Unguja ni nusu saa tu angani, hata kahawa huimalizi. Kahawa yenyewe hawatoi, lakini hayo tuyaache.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, buibui lake limerowa chapa. Nikasema mvua hiyo. Mvua ya wapi, na jua lile?

"Shikamoo, mzee. Unakimbilia wapi?"

Mimi nikiogopa husema sana. Nikamweleza yote: Bi Mize anavyoumwa, Chwaka, nyumba ya mlango wa buluu ukishapita msikiti.

"Na kutoka uwanjani mpaka huko kuna mwendo gani?"

"Kwa gari, kama saa nzima."

Akacheka kidogo. "Mbali hivyo? Huwahi, mzee."

Papo hapo ndege ikazama kama imeingia shimoni. Nikafumba macho, nikasoma nilichojaaliwa. Nilipofumbua, kiti kitupu. Mkanda umefungwa vilevile, na kiti kinachuruzika maji. Nikamgeukia bwana aliyekaa nyuma: yule bibi kaenda wapi?

"Bibi gani, mzee? Tangu Pemba unazungumza na dirisha. Sisi tulidhani unasali."

Tulipotua nikachukua teksi. Nilipofika Chwaka nikaona mikeka imeshatandikwa nje, na wanaume wamekaa kimya. Asha, binti wa Bi Mize, akaniangukia kifuani.

"Mjomba, ungefuatana na yule bibi ungemkuta mama."

"Bibi gani, Asha?"

"Si huyo uliyemtuma! Kapiga hodi, kasema katumwa na wewe, tukamkaribisha. Nikakupigia nikushukuru, simu imezimwa, nikajua bado uko angani. Yeye akamwinamia mama, akamwita sikioni. Mama akaitika, 'Labeka.' Basi, mjomba. Hakusema tena."

Niambie wewe: nani anashuka katika ndege ambayo haijatua?

Dada yangu tulimzika jioni ile ile. Alinitaka mimi, akaletewa yule, na mlango ulifunguliwa kwa jina langu. Hilo halinitoki.

Siku hizi nipo kwangu Malindi ya mjini Unguja, sitoki sana. Baadhi ya siku, baada ya alasiri, mlango unagongwa. "Hodi, mzee. Nimetumwa na Bi Mize." Sauti ni ile ile. Nikija kutazama baadaye, kizingiti kimerowa. Wallahi natamani kufungua, nijue dada alitaka kuniambia nini. 'Naam' inanifika ulimini, naimeza. Majirani wanasema uzee umenifanya mkorofi. Waache waseme.

Wewe ukiwa safarini, usiyemjua akikuuliza unakwenda kwa nani na kuna mwendo gani, mwambie hujui. Na siku ukija kwangu, nakuomba, usiseme umetumwa na mtu. Taja jina lako mwenyewe, kisha usimame mbele ya dirisha nikuone nguo zako kama ni kavu.