Safari ya Chungu Kimoja cha Wali

Nikisikia harufu ya makumbi ya nazi yaliyorowa yakifuka moshi, hadi leo moyo hunienda mbio, na wajukuu zangu hunicheka. Wacha wacheke, hawajui harufu ile ilinikuta wapi.

Ilikuwa masika, kwetu Pujini, kisiwani Pemba, zama za ufalme, nami ndio kwanza nimeanza chuo cha Kurani. Mama alikuwa mjamzito, mimba ikamharibikia, damu ikawa haikatiki. Asubuhi wanaume walimbeba na kitanda chake hadi barabarani, gari likampeleka uwanja wa ndege wa Wawi, yeye na baba, waende hospitali Unguja. Meli ilikuwa ikikesha njiani, na mama hakuwa na usiku wa kungoja. Mimi niliachwa na bibi, mamaake mama, nikilia hadi kwikwi.

"Nyamaza, mwanangu," bibi aliniambia akiteleka chungu. "Ndege si meli. Wali huu ukiiva, mamaako keshafika Unguja."

Alikusudia kwamba safari ya ndege ni nusu saa tu. Mimi nilielewa kwamba chungu ndicho kinachoirusha ndege: moto ukizima, mama ataanguka baharini. Na moto wenyewe wa makumbi ya mvua! Nilipuliza mpaka macho yakaiva na kamasi zikanichuruzika. Niliogopa, wallahi, sijapata kuogopa vile tena. Kila mara nilifunua mkungu, kile kifuniko cha udongo, nitazame maji yamefika wapi, hata bibi akanichapa mkono.

"We ntoto! Ukifunuafunua hauivi!"

Nikaganda. Kumbe nimemchelewesha mama kwa mkono wangu mwenyewe! Nilijikunyata pembeni ya mafiga nikimwomba Mungu auharakishe wali. Bibi akapalia makaa juu ya mkungu, na nikaona muda haupiti kabisa.

Mwisho wali uliiva, chini umeungua. "Keshafika," bibi alisema. Nikala nikashiba, nikalala usingizi wa mchana kama sina neno.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda lakini mzima. Nilikuwa na watoto wangu, bibi keshafariki, mama aliponisimulia siku ile. Ndege ilizuiwa na mvua. Walikaa Wawi hadi alasiri, mama kalazwa chini kwenye mkeka, damu inamwenda, baba anamsomea Yasini. Nikakaa kitako. Wakati nimeshiba na kulala, mama alikuwa hata hajaondoka Pemba.

Ndipo nilipomfahamu bibi. Pujini na Wawi si mbali. Ndege ikiruka kule, sisi huisikia juu ya paa, hata mvua ikinyesha, na mchana ule hapakupita kitu. Bibi alijua kwamba binti yake bado yuko pale pale. Akanipakulia, akaniambia keshafika, akabaki na hofu yote peke yake.